Shangazi, bakuli langu la raku limevujisha mchuzi mezani

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 46, na kwa sasa ni dereva wa basi mjini Leicester, Uingereza, ambako ninaishi na mke wangu na watoto wetu wawili. Kila Jumapili nisiyokuwa na zamu huamka alfajiri, nikachukua tochi na chupa ya chai, nikaenda kwenye yale masoko ya uwanjani ambako watu hufungua buti za magari yao na kuuza vitu vikuukuu vya nyumbani. Miaka minne iliyopita nilinunua huko, kwa pauni 3, chombo kidogo cha maua chenye weupe uliotandaa nyufa nyembamba nyeusi kama utando wa buibui. Muuzaji, mzee aliyekuwa akihama nyumba, aliniambia kwamba ni raku, yaani ufinyanzi wenye asili ya Japani, na kwamba marehemu mkewe ndiye aliyekifinyanga katika darasa la jioni. Tangu siku hiyo sijapona. Leo ninavyo vyombo 34, vingi nikiwa nimevinunua kwa pauni 5 hadi 15, na kabati la jikoni limejaa hadi mlango wake haufungi.

Nina matatizo matatu, Shangazi, na yote yamenijia ndani ya mwezi mmoja.

La kwanza lilitokea sikukuu ya Idi. Tulikuwa na wageni, na mke wangu, akitafuta bakuli kubwa la kupakulia mchuzi wa kamba wa nazi, alichukua bakuli langu lililo zuri kuliko yote, la rangi ya buluu ya bahari kwa ndani na nyeusi kwa nje, ambalo nilikuwa nimelinunua kwa pauni 8. Watu walikula, wakasifu, na bakuli likaachwa mezani mpaka jioni. Tulipoliinua, tulikuta duara la mafuta ya manjano kwenye kitambaa cha meza ambacho mama mkwe wangu alikidarizi kwa mkono wake mwenyewe. Bakuli lenyewe halijapasuka popote ninapoona. Tangu hapo linanuka, na mke wangu amesema ama bakuli litoke ndani ya nyumba ama nieleze ni chombo gani hicho kisichoweza kushika mchuzi. Sikuwa na jibu. Aidha, nimeingiwa na hofu kwamba huenda tumekula sumu.

La pili ni jagi moja nililoliweka dirishani sebuleni ili litazamwe. Lilipokuja lilikuwa likiwaka rangi za shaba, zambarau na dhahabu, kama mafuta ya taa juu ya maji ya dimbwi. Sasa limekuwa kijani cha kufifia na hudhurungi, na sijui nimelikosea nini.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Muuzaji mmoja ninayemfahamu kwa sura ana bakuli dogo jeusi la chai, lenye muhuri wa maandishi ya Kijapani karibu na kitako, na anasema kwamba ni raku ya kale kutoka Kyoto. Anataka pauni 180. Mwezi ujao ni zamu yangu ya kupokea upatu, na fedha hizo tulikwisha kubaliana na mke wangu kwamba ni za kununulia zulia. Sijamwambia lolote kuhusu bakuli hilo. Je, ninunue?

Mwenye kabati lililojaa,
Leicester

*

Marahaba, mwanangu. Nimezitazama picha zako kwa kioo cha kukuzia, zikiwemo zile za vitako, na nakushukuru kwa kuzipiga, kwa sababu wengi huniletea picha ya uso wa chombo wakasahau kwamba mfinyanzi huacha siri zake chini.

Nianze na mchuzi, kwa kuwa humo ndimo mlimo na majibu ya mambo mengine. Miaka mingi iliyopita nilijiunga na darasa la ufinyanzi Ulaya, na siku moja ya baridi tulitolewa nje uani kwenda kutazama raku ikichomwa. Mwalimu alikuwa amevaa glavu za ngozi zilizofika viwikoni. Alipofunua tanuri dogo la gesi, bakuli lilikuwa jekundu kama kaa, na glezi yake, yaani ile ngozi ya kioo inayoyeyushwa juu ya udongo, ilikuwa ikimeremeta kama asali mbichi. Alilishika kwa koleo ndefu, akalitoa likiwa vilevile jekundu, akalishikilia hewani kwa muda mfupi tu, nasi tuliokuwa nyuma ya kamba tukaisikia glezi ikilia, ti, ti, ti, kwa kuwa ilikuwa ikipasuka kwa baridi ya ghafla. Kisha akalitumbukiza katika pipa la bati lililojaa maranda ya mbao, ndimi za moto zikaruka juu ya kichwa chake, naye akafunika kifuniko. Moshi ulipokosa pa kutokea uliingia ndani ya nyufa zile na kuzitia weusi, na pale ambapo udongo haukuwa na glezi ukaugeuza wote kuwa mweusi kama masizi ya chungu cha pilau.

Sasa fikiri juu ya udongo unaoweza kuvumilia mateso hayo bila kupasuka vipande viwili. Ni lazima uchanganywe na chenga za udongo uliokwisha kuchomwa, ili uwe na nafasi ya kutanuka na kusinyaa, na ni lazima usichomwe mpaka ukafumbata. Raku ya namna hii kwa kawaida huchomwa kwenye joto la nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi, ilhali sahani ngumu za mezani huchomwa hadi nyuzi 1,200 na zaidi, kiwango ambacho udongo hujifunga wenyewe na maji hayapiti. Kwa hiyo bakuli lako lina vitundu visivyoonekana mwilini mwake mwote, na glezi yake, ambayo ingeweza kuyazuia maji, imejaa zile nyufa unazozipenda. Nyufa hizo si picha iliyochorwa. Ni nyufa za kweli, na mchuzi umepita humo.

Wewe ni mtu wa pwani, na bila shaka umewahi kunywa maji ya mtungi. Mtungi hutoka jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji, na hakuna bibi aliyewahi kuutupa mtungi wake kwa sababu umelowa kwa nje. Bakuli lako nalo limetoka jasho la mchuzi. Tofauti ni kwamba mtungi uliwekwa juu ya kigoda cha mchanga, nalo likawekwa juu ya kitambaa cha mama mkwe.

Kuhusu hofu ya sumu, nitakuambia ninachokijua bila kukutisha. Baadhi ya glezi za raku, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa madini ya risasi ili ziyeyuke upesi kwa joto dogo, na nyingi za rangi ya buluu, kijani na shaba zina madini ya shaba. Vitu vyenye uchachu kama ukwaju, ndimu na nyanya huyatoa madini hayo kwenye glezi iliyochomwa kwa joto la chini kwa urahisi zaidi kuliko maji matupu. Mtu akiokota chombo uwanjani hawezi kujua kilitiwa nini, na ndiyo sababu kanuni yangu haina mjadala: chombo cha raku kisichojulikana kilikotoka hakiliwi, hakinywewi, wala hakihifadhiwi chakula. Mlo mmoja wa Idi haunipi wasiwasi mkubwa. Hata hivyo, ikiwa bakuli hilo lilikuwa likitumika mara kwa mara pasipo wewe kujua, au ikiwa nyumbani kuna mtoto mdogo au mjamzito, mwombe daktari wenu kipimo cha damu cha risasi, kwa maana watoto ndio wanaodhurika zaidi.

Hapa sina budi kukugeukia wewe. Umeandika kwamba mkeo alichukua bakuli kutoka kabati la jikoni. Ulipolipanga humo pamoja na sahani na masufuria, ulimwambia kwa vitendo kwamba ni chombo cha kupakulia, naye akakitendea hivyo, tena mbele ya wageni, kwa heshima kubwa kuliko sahani za dukani. Alipokuuliza ni chombo gani hicho kisichoweza kushika mchuzi, aliuliza swali la mtu mwenye akili, na wewe mwenye vyombo 34 ukakosa jibu. Mpelekee jibu hilo sasa, pamoja na kitambaa kipya au malipo ya dobi, na vyombo vyote vihame jikoni kabla ya wiki hii kwisha. Kumi na viwili vilivyo bora viweke kwenye rafu ya sebuleni, vilivyobaki uvifungie kwenye sanduku kwa magazeti, kisha uwe ukivibadilisha. Nimeona katika picha ya tano kwamba umevipandanisha kama vikombe vya mkahawa. Glezi ya raku ni laini na hukwaruzika, na kingo zake hubanduka, kwa hiyo usiweke kimoja ndani ya kingine bila kitambaa katikati.

Jagi la dirishani halikulogwa. Zile rangi za shaba na zambarau hutokea kwa sababu moshi ndani ya pipa unanyang'anya glezi hewa yake ya oksijeni, na shaba iliyomo inabaki tupu juu ya uso, ikimetameta. Hewa ya kawaida, kidogo kidogo, huirudisha shaba kwenye hali yake ya awali, na jua, unyevu na vidole vyenye mafuta huiharakisha safari hiyo. Rangi iliyokwisha kuondoka huwezi kuirudisha nyumbani. Vile vingine vyenye mng'aro wa shaba viweke mbali na dirisha na mbali na jiko, vifute vumbi kwa brashi laini kavu, na usiviloweke kamwe. Wapo wanaopaka nta ya kuhifadhia, na inasaidia kidogo. Mimi binafsi nakipenda chombo kilichofifia, mradi umbo lake ni zuri, na jagi lako lina mdomo uliokatwa na mtu aliyejua anachokifanya.

Tuje kwenye bakuli jeusi.

Raku ya asili ni ya Kyoto, Japani. Katika karne ya 16 fundi wa vigae aitwaye Chōjirō, aliyefariki mwaka 1589, alifinyanga mabakuli ya chai kwa ajili ya Sen no Rikyū, bingwa wa adabu za chai, aliyetaka chombo kisicho na majivuno, cheusi au chekundu, kilichofinyangwa kwa viganja badala ya gurudumu ili kikae vyema mikononi. Neno raku katika maandishi ya Kijapani lina maana ya raha, mfanano wa sauti unaonichekesha kila ninapoukumbuka. Neno hilo likawa muhuri, kisha likawa jina la ukoo, na ukoo huo ungali ukifinyanga Kyoto mpaka leo, ukiwa katika kizazi cha 16. Mkuu wa kizazi cha 15 alimwachia mwanawe nafasi hiyo mwaka 2019.

Lakini kilichomo kabatini mwako ni mjukuu wa mbali wa hayo. Mwaka 1911 kijana wa Kiingereza aitwaye Bernard Leach alialikwa kwenye tafrija mjini Tokyo, akapewa chombo akichore, kikachovywa glezi na kuchomwa mbele ya macho yake, na muda mfupi baadaye akakishika mkononi. Jambo hilo lilimfanya awe mfinyanzi, na mwaka 1920 akarudi Uingereza na mwenzake Hamada Shōji kufungua karakana huko St Ives. Ile desturi ya kutumbukiza chombo chekundu kwenye vitu vinavyoungua, hata hivyo, haikutoka Kyoto. Ilienea kutoka California, ambako mwaka 1960 mwalimu Paul Soldner alikitoa chombo katika tanuri la kujaribia na kukigaragaza kwenye majani ya mti yaliyokuwa chini. Madarasa ya sanaa ya Marekani na Uingereza yaliipokea kwa furaha, kwa kuwa mwanafunzi alianza asubuhi na kurudi nyumbani jioni na chombo chake, na ndiyo maana vyombo vya akina marehemu mke wa yule mzee vimejaa katika buti za magari mpaka leo.

Tofauti hii ndiyo silaha yako mbele ya muuzaji. Bakuli jeusi la Kyoto hutolewa tanurini likiwa jekundu kwa koleo, na wakati mwingine alama ya koleo huonekana ubavuni, lakini huachwa lipoe hewani. Halifukizwi kwenye maranda. Kwa hiyo mtu akikuonyesha chombo chenye mng'aro wa shaba, au weupe wenye nyufa nyeusi za moshi, akakuambia ni cha kale cha Kijapani, mshukuru na uende zako. Bakuli la pauni 180 limeuvuka mtihani huo wa kwanza: ni jeusi tupu na halina mng'aro. Tatizo liko kwenye muhuri. Kuna karakana nyingi Japani zinazotengeneza mabakuli ya mtindo wa raku, na nyingine ni za heshima kubwa, kama ile ya Ōhi huko Kanazawa iliyoanza mwaka 1666, na wapo pia maelfu ya wapenzi wa chai wanaojifinyangia wenyewe. Muhuri wa ukoo wa Raku umeigwa kwa karne nyingi, na kila mkuu wa ukoo alikuwa na wake wenye tofauti ndogo ambazo mimi na wewe hatuwezi kuziamua kwa picha ya simu. Bakuli la mtu mwenye jina Japani kwa kawaida husafiri na sanduku lake la mbao lililoandikwa kwa wino na mfinyanzi. Muuzaji wako hajakuonyesha sanduku, hajataja alikolipata, na katika picha uliyonitumia kitako chake kina duara safi mno, la namna inayokatwa kwenye gurudumu. Ningekuwa mimi, ningelitazama kama bakuli zuri la chai la karne ya 20 lisilojulikana mfinyanzi wake, na nisingelilipia zaidi ya pauni 30.

Fedha za upatu usiziguse. Zulia lina mwenyewe, na mwenyewe ni mkeo.

Ninachokuomba badala yake ni uache kununua maelezo ya wauzaji na uanze kusoma vyombo. Chukua kila kimoja kati ya vile 34, ukigeuze, ukigonge kwa kucha: raku hutoa sauti butu, fupi, kama kugonga mbao, wala hailii kama kengele. Kishike, mara nyingi ni chepesi kuliko macho yalivyotarajia. Tazama sehemu isiyo na glezi. Kwa raku ya kimagharibi ni nyeusi au kijivu cha moshi, na ikiguswa na unyevu hutoa harufu ya moto uliozimwa. Ukiona mstari ulionyooka unaopanda kutoka kitako hadi mdomo, hicho kimemiminwa katika kalibu ya kiwandani na kupakwa sura ya raku. Viwili kati ya vyako viko hivyo, mwanangu, cha kwanza na cha nane katika picha ya tatu, nami nasikitika kukuambia. Kisha andika katika daftari tarehe, uwanja, bei, na maneno ya muuzaji kama alivyoyasema. Kile chombo cha pauni 3 kina thamani kuliko vyote kwa sababu unajua mwanamke aliyekifinyanga na darasa alilokwenda, na ukifa bila kuandika, wanao watakiona ni kikopo cha maua chenye nyufa.

Umeniuliza pia, chini ya picha moja, kama upo uwezekano wa kuokota kazi ya mfinyanzi Magdalene Odundo. Si mjinga anayeuliza hivyo, maana alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na amefanya kazi Uingereza tangu miaka ya 1970. Lakini kazi zake si raku. Hujengwa kwa mkono bila gurudumu, husuguliwa mpaka zing'ae bila glezi yoyote, huchomwa zikawa nyekundu kama machungwa, na zile nyeusi huchomwa tena katika moshi. Ni binamu wa raku kwa upande wa moshi tu, nazo huuzwa kwenye minada mikubwa. Zitazame katika makumbusho, halafu urudi uangalie midomo ya vyombo vyako, nawe utaanza kuona kwa nini vingine vinasimama na vingine vimeketi.

Lile bakuli la buluu lisafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, haraka, bila kuliloweka, kisha liache mahali penye hewa kwa wiki mbili au tatu. Usilitie katika tanuri la jikoni ili likauke upesi, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke yanaweza kulipasua, na usilitie kwenye mikrowevu kwa sababu hiyohiyo. Harufu itapungua, ila doa la manjano huenda likabaki ndani ya nyufa za chini. Mkeo akikubali, liwekwe mezani karibu na mlango wa mbele, litiwe funguo za gari na za basi.